Kabla ya kumpangia mtoto geto, tulitafuta kwanza fremu ya baiskeli

Dada yangu ameolewa Bahi, mkoani Dodoma. Mwishoni mwa Novemba alinipigia simu jioni, nikajua kuna jambo kwa sababu alianza na salamu ndefu kuliko kawaida.

“Mdogo wangu,” akasema, “nataka unichangie kodi ya chumba. Mwanao anaingia kidato cha pili Januari. Kutembea kumemshinda.”

Mwanangu huyo ni mpwa wangu, binti wa miaka 14. Kutoka kwao hadi shuleni ni kilomita 7. Kwa miguu huondoka saa 11 alfajiri na kurudi jua likizama. Chumba ambacho dada alikuwa amekitafuta kiko karibu na shule. Wanafunzi hukiita geto: unalala humo, unapika humo, na mtu mzima hayupo.

Ninaandika habari za afya. Nimeshakaa kwenye mabenchi ya kliniki nikiwasikiliza mabinti waliokatisha masomo wakiwa na mimba. Safari za baadhi yao zilianzia kwenye chumba kama hicho. Za wengine zilianzia kwenye lifti ya bodaboda iliyotolewa bure kwa wiki mbili, kisha ya tatu ikadaiwa. Dada anayajua hayo yote. Alikuwa amechagua baya lililo dogo.

“Na ile baiskeli?” nikauliza.

“Ile imetundikwa stoo. Shemeji yako hataki hata kuisikia.”

Ilikuwa baiskeli nzuri kwa macho: ya kike, kutoka Japani, yenye kikapu mbele, madigadi na matairi membamba. Kiangazi, tairi la mbele lilizama kwenye mchanga wa korongo, binti akaruka juu ya hendeli na kuvunjika mkono. Alivaa plasta kwa wiki kadhaa. Masika yalipofika, udongo mweusi wa mbuga ulijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Siku hiyo aliibeba baiskeli begani kilomita 3.

Nikamwomba dada anipe mwezi mmoja kabla ya kulipa kodi. Hakufurahi, lakini alikubali.

Swali la kwanza la fundi

Karibu na ninapoishi, Tabata, yupo fundi baiskeli anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Nilimweleza kwamba natafuta baiskeli imara ya mtoto wa shule. Nilidhani ataniuliza bajeti. Akaniuliza, “Ardhi ya huko ikoje, dada?”

Nikamwambia: mchanga kiangazi, tope la mfinyanzi masika.

“Basi usitafute baiskeli,” akasema. “Tafuta fremu yenye nafasi. Vingine vyote tutavifunga.”

Aliigeuza baiskeli iliyokuwa mbele yake, akaweka kidole gumba kati ya tairi na bomba la fremu. Hakikupita. Akaeleza kwamba watu hununua baiskeli kwa kutazama gia na rangi, kumbe fremu ndiyo inayoamua unaweza kuvaa tairi la upana gani. Tairi huchakaa likabadilishwa, lakini mabomba yakishachomelewa karibu karibu, yatabaki hivyo maisha yote.

Tairi pana hubeba uzito wa mpandaji juu ya eneo kubwa zaidi, na unaweza kulijaza upepo kidogo bila kuchoma tyubu, hivyo hupita juu ya mchanga badala ya kuukata. Lakini upana wa tairi peke yake hautoshi. Lazima kibaki kiwango cha uwazi kila upande ili tope lipite. Tairi pana ndani ya fremu iliyobana litagoma kama lile jembamba lililobanwa na madigadi.

Nikauliza kwa nini anasisitiza fremu ya chuma wakati za aluminiamu ni nyepesi. Alicheka. “Ikipasuka Bahi, nani ataichomelea?” Chuma kikipinda, fundi mwenye uzoefu anaweza kukinyoosha. Kikipasuka, anaweza kukiunga kwa gesi na shaba. Aluminiamu inahitaji mashine na ujuzi ambao fundi wengi wa vijijini hawana.

Kutoka vilima vya California

Nilivyozidi kusoma, niligundua kwamba tatizo la mpwa wangu lilishatatuliwa zamani, na vijana wasiokuwa na haraka ya kwenda shule. Miaka ya 1970, huko Marin County, California, vijana walikuwa wakishuka mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za chuma zenye matairi manene, zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Njia moja waliipa jina Repack, kwa sababu breki ya habu ilikuwa inaunguza grisi yote mtu akishuka, na alipofika chini ilibidi aipake upya. Mashindano ya huko yalianza mwaka 1976.

Fremu zile kuukuu zilikuwa zinavunjika. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, ambayo fremu zake zilitengenezwa Japani. Ndipo baiskeli za milimani zilipoenea duniani. Za mwanzo zilikuwa za chuma, bila shokapu, na mabomba yake yaliachwa wazi ili tairi nene lipite na tope lake.

Wazungu wengi wameshahamia kwenye aluminiamu na shokapu. Zile za chuma hutupwa, hupakiwa kwenye makontena, na baadhi hushushwa Dar es Salaam.

Jumamosi tatu sokoni

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Kariakoo. Madukani kulikuwa na baiskeli mpya zinazong’aa, zenye shokapu mbele na katikati. Nilibonyeza moja, ikabonyea kama godoro na kulia. Fundi alikuwa ameshanionya: shokapu ya bei rahisi huongeza uzito, huingia mchanga, na ikifa haina spea. Nikapita.

Jumamosi ya pili nilikwenda Ilala, kwa vijana wanaouza baiskeli za mtumba. Hapo ndipo nilipokaribia kuingia mkenge. Kijana mmoja alinionyesha baiskeli yenye maandishi ya inchi 26 kwenye tairi. Nami nilikuwa nimekariri kwamba nataka inchi 26. Nilishatoa simu nilipe, nikakumbuka kumpigia fundi.

“Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi,” akasema. “Zile mbili zenye kistari katikati.”

Zilikuwa 37-590. Akaniambia niache.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Baiskeli nyingi za mjini za Kijapani za inchi 26 ni 590. Za milimani za inchi 26 ni 559. Zote huitwa 26, lakini tairi la moja haliingii kwenye rimu ya nyingine. Tairi nililolitaka lilikuwa 54-559, ambalo pia huandikwa 26 x 2.10.

Pembeni kulikuwa na fremu nyekundu iliyopakwa rangi upya. Nilipitisha kidole chini ya bomba kubwa la mbele, karibu na linapoungana na shingo ya hendeli, nikahisi mikunjo midogo kama ngozi ya mzee. Muuzaji akasema ni rangi tu. Fundi akasema ni ajali: baiskeli iligonga kitu kwa mbele, bomba likajikunja, rangi ikapakwa juu. Mtoto akiipanda, siku moja itakatika hapo hapo.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Dada alituma ujumbe: “Mwenye chumba anauliza.”

Jumamosi ya tatu fundi aliamua kunisindikiza. Alichukua rula, sumaku ya spika mbovu na kamba. Tulikwenda kwenye yadi moja Buguruni, tukapita katikati ya mafriji na magodoro hadi kwenye rundo la fremu zisizo na magurudumu.

Aligusisha sumaku fremu moja baada ya nyingine. Iliyokataa sumaku, aliiweka kando. Ya tisa ilikuwa ya kijani kilichofifia, mabomba membamba, foku iliyonyooka isiyo na shokapu. Stika ilikuwa imefutika, limebaki neno “Cr-Mo” na namba 4130. Akatabasamu. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kigumu kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana mabomba yake yanaweza kuwa membamba na mepesi.

Alianza kupima. Nafasi ya tairi hupimwa sehemu tatu, kwa sababu moja ikibana, mbili zilizobaki hazisaidii. Ya kwanza ni ndani ya foku, chini ya taji lake. Ya pili ni kati ya mabomba mawili yanayotoka kwenye pedali kwenda habu ya nyuma. Ya tatu ni kati ya mabomba mawili yanayoshuka kutoka chini ya siti.

Kwenye mabomba ya pedali usipime popote tu. Kwa tairi la 54-559, sehemu yake pana zaidi hukaa kama sentimita 31 kutoka katikati ya ekseli ya nyuma. Fundi aliweka alama ya chaki hapo, akapima upana wa ndani: milimita 72. Ukitoa 54 za tairi, zinabaki 18, yaani 9 kila upande. Mbele palikuwa na zaidi ya hapo. Fundi akasema kwa lami milimita 5 zingetosha, lakini kwa tope la mbuga yeye hashuki chini ya 8.

Akaangalia breki. Fremu ilikuwa na vijiti viwili vya kushikia breki vilivyochomelewa pande mbili, mbele na nyuma. Breki za namna hiyo hukaa ubavuni mwa tairi na hazilibani kwa juu. Zile za upinde mmoja unaopita juu ya tairi mara nyingi hula nafasi yote uliyoitafuta.

Kisha kamba. Aliifunga kwenye sikio la nyuma la kulia, akaizungusha shingo ya hendeli, akairudisha hadi sikio la kushoto. Akapima umbali wa kamba hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Zililingana, maana yake fremu haijapinda. Upana kati ya masikio ulikuwa milimita 135, saizi ya habu nyingi za baiskeli za milimani. Mwisho aliingiza kidole ndani ya bomba la siti. Kutu ilitoka kama unga mwekundu, lakini haikutoka kwa mabamba. “Hii ni kutu ya ngozi,” akasema, “haijafika mfupani.”

Muuzaji alitaka 90,000. Tulibishana hadi 60,000.

Njia ya kati

Magurudumu, matairi, hendeli na vinginevyo tulivipata kidogo kidogo kwa wiki mbili. Fremu niliifunga kwenye viroba, nikapanda nayo basi kituo cha Magufuli, Mbezi, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Kondakta aliitazama akasema, “Dada, umebeba mifupa?” Nikalipia mzigo.

Baada ya Morogoro ardhi hubadilika polepole. Dumila bado ni kijani. Ukipanda Gairo upepo unapoa. Kibaigwa magunia ya mahindi yamepangwa kando ya soko la nafaka, na baada ya hapo mibuyu inaanza kuonekana imesimama kwa mbalimbali, imevimba kama mitungi. Rangi ya udongo ikawa nyekundu, ikapauka, kisha nikaanza kuona mchanga kwenye makorongo. Kwa mara ya kwanza niliutazama kama mtu anayetafuta pa kupitisha tairi.

Kutoka mjini Dodoma nilipanda gari dogo la kwenda Bahi. Jioni ile shemeji alinipokea kwa heshima zote, akatazama kifurushi, hakusema neno. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Baadaye aliifungua fremu mwenyewe, akaigonga kwa kucha, akasikiliza.

“Hii ni chuma,” akasema.

“Ni chuma, shemeji.”

Asubuhi tukamwita fundi wa kijijini afunge vifaa, makusudi, ili aijue baiskeli atakayoitengeneza. Binti alikuwa amesimama pembeni, mkono wake uliovunjika ukiwa umeshikiliwa na ule mzima.

Kilomita saba

Tulianza na kimo. Alisimama juu ya fremu, miguu yote chini. Kati ya bomba la juu na mwili wake palibaki vidole vinne. Hilo ni muhimu kwa mtoto: akisimama ghafla, atue kwa miguu, asitue juu ya bomba. Kuhusu sketi, dada alishona suluhisho: suruali ya michezo ndani, na sketi yenye lastiki ya kuipandisha kidogo. Kofia ngumu nililazimisha. Nimeona majeruhi wa kichwa wa kutosha wodini, sikutaka mjadala.

Fundi wa kijijini alijaza matairi hadi yakawa magumu kama jiwe. Nikamwomba apunguze. Hakuwa na kipimo, nami sikuwa nacho, tukatumia kidole gumba: ukibonyeza kwa nguvu, tairi liingie kidogo.

Nilimfuata kwa baiskeli ya shemeji, ya zamani, yenye matairi membamba. Kilomita 4 za mwanzo alikuwa mbele yangu akiimba. Tulipofika korongo aliloangukia, akashuka.

“Mama mdogo, hapa nakokota.”

Sikumlazimisha. Nilijaribu mimi na baiskeli ya baba yake, tairi la mbele likazama kabla sijafika katikati, nikaanguka kiubavu, mchanga mdomoni. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapanda yake, akasukuma pedali taratibu, hendeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, akatokea ng’ambo. Akarudi. Akavuka tena.

Tulitumia dakika 40 kufika shuleni. Kwenda na kurudi ni zaidi ya dakika 60 za mazoezi ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Lakini dada hakujali dakika hizo. Alipiga hesabu nyingine: ataondoka saa 12 kasoro badala ya saa 11, kukiwa kumeanza kupambazuka, na saa 11 jioni atakuwa nyumbani.

Usiku ule alimpigia mwenye chumba.

Unapokwenda sokoni

Mzazi, kama mtoto wako anapita njia ya mchanga au tope, yazingatie haya kabla ya kulipa.

Nenda na sumaku, rula na kamba. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, usiamini neno “26” peke yake. Pima nafasi ya tairi sehemu zote tatu, ukitoa upana wa tairi unalotaka kuweka, siyo lililopo. Papasa chini ya bomba la mbele karibu na shingo. Mikunjo au ufa ni sababu ya kuondoka. Jaribu kuzungusha na kuvuta bomba la siti: likiwa limegandia kwa kutu, hutaweza kulipandisha mtoto akirefuka. Na fundi akiichomelea siku moja, mwambie mapema kwamba mabomba ni membamba, asije akayatoboa kwa moto wa umeme.

Baiskeli hii haikumaliza kila kitu. Februari mvua ilinyesha mfululizo, korongo likajaa, binti akakosa shule siku mbili. Siku ya tatu alipita. Dada anasema alifika nyumbani na tope hadi magotini, ameshika kijiti alichokuwa anakwangulia udongo kwenye foku.

“Lilikuwa linazunguka?” nikamuuliza dada kwenye simu.

“Lilikuwa linazunguka,” akasema. “Ngoja, nikupe uongee naye. Yupo jikoni.”